Kozi ya Kiingereza kwa njia ya blogu: vitumbua vya mama yangu viligeuzwa pankeki

Nimekaa na hili jambo wiki kadhaa nikidhani hasira zitaisha, hazijaisha, kwa hiyo naandika. Kituo sikitaji, kipo huku Sinza, kozi ya jioni ya kuandika Kiingereza, ila badala ya daftari mnaandika kwenye blogu ya darasa, kila wiki posti moja, wenzako wanasoma na kuweka komenti.

Mwanzoni niliipenda mno, nisiseme uongo. Mimi msingi nimesoma kwa Kiswahili, form one nikakutana na Kiingereza kila somo, miaka minne kazi ni kukopi notsi ubaoni, na insha anaisoma mwalimu peke yake, anaweka maksi, basi imeisha hiyo. Sasa hapa nikaandika mama anavyochoma vitumbua Mbagala, anaamka saa tisa usiku, anasaga mchele alioloweka jana yake, anavigeuza kwa spoki ya baiskeli. Kaka mmoja wa darasani, anauza spea eneo la Gerezani, akaniuliza pale chini, tui anaweka wakati wa kusaga au baadaye? Jamani, mtu ananiuliza kwa Kiingereza na anataka kujua kweli! Nilimjibu nikiwa nimesimama kwenye daladala, mkono mmoja bombani, sentensi nne, na hakuna zoezi la grama lililowahi kunifanya nitafute maneno kwa hamu namna ile.

Kesho yake nafungua, nakuta posti siyo yangu. Jina langu lipo, maneno siyo. Ile blogu iko Blogger, ile huduma ya blogu ya Google, sisi ni waandishi tu, unahariri yako peke yake, ila mwalimu ndo admini anaingia kwa yeyote, basi kaingia. Spoki kafuta. Tui kafuta. Vitumbua vimekuwa pankeki, na mama yangu kawa mjasiriamali mwenye bidii, Kiingereza cha kwenye mabango. Halafu chini yake swali la tui bado lipo, linauliza kitu ambacho juu hakipo tena!

Makosa nilikuwa nayo, tena mengi. Mama nilimwandika "he" mwanzo mwisho, maana sisi tukisema "anaamka" imetosha, awe mama awe baba. Hayo ndo nilitaka anioneshe, nimelipia nioneshwe, yeye kayapitishia ufagio yote hata sikujua lipi lilikuwa wapi.

Darasani nikamwambia kwa heshima kabisa, mwalimu samahani, ile posti yangu... hakuniacha nimalize. "Dada, hii blogu wateja wanaiona. Ukitaka makosa yako yakae, kaandikie daftari lako nyumbani." Mbele ya watu wote. Kumbe tulikuwa tunaandika tangazo la kituo! Tangu siku hiyo yule kaka wa spea akawa anaweka mistari miwili tu, ya kunakili mtandaoni, na wengine hivyohivyo.

Kwa hiyo msipeleke hela zenu. Ila sasa... bila ile kozi nisingejua kama naweza kuandika mtu akasoma. Nilipanga kutoa nyota moja, njia yenyewe ingestahili tano, sijui nifanyeje, wekeni mbili.

Tumefungua blogu yetu wanne, bure, ukiwa na akaunti ya Google inatosha, tumeifunga isome tuliowaalika tu, na sheria ni moja, unakoment chini, posti ya mwenzio huigusi. Juzi dada mmoja akaniandikia mama ni "she", sehemu saba, akazitaja zote. Nikazirekebisha moja moja kwa mkono wangu, na vitumbua vimerudi, na spoki, na tui. Kule kwa kituo pankeki bado zipo na jina langu, nimeomba mara mbili watoe, hawajanijibu.