Ziara ya mashua Dunga na simulizi za ndege za majini

Wageni wengi hufika ufuo wa Dunga, Kisumu, kutazama viboko na kula samaki. Sisi tulimwomba mwelekezi atupeleke ziwani na kutusimulia enzi ambapo mji huu ulikuwa kituo cha ndege zinazotua majini, na kwa maoni yangu huduma hiyo inastahili malipo yake, ijapokuwa ina upungufu.

Alianza na mwaka 1931, shirika la ndege la Uingereza, Imperial Airways, lilipoifikisha njia yake ya kutoka London hadi Ziwa Victoria, kisha akagusia ndege za Short Empire, zenye injini nne, ambazo tangu 1937 zilipitia Kisumu kati ya Southampton na Durban. Uzuri wake ni kwamba anaeleza kazi yenyewe: ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kwa hiyo rubani alilazimika kuikimbiza ndege masafa marefu majini kabla haijainuka.

Simulizi bora kuliko zote ilikuwa ya ndege iitwayo Corsair, ambayo Machi 1939, ikitoka Ziwa Victoria kuelekea Juba, ilipotea njia kwa sababu kifaa cha redio cha kuonyesha mwelekeo kilikuwa na hitilafu. Mafuta yalipokaribia kwisha, rubani Alcock, ndugu wa yule John Alcock aliyevuka Atlantiki mwaka 1919, aliishusha kwenye mto Dungu nchini Kongo, ikagonga mwamba. Mafundi waliikarabati, jaribio la kwanza la kuirusha likaishia mwambani tena, ikabidi mto uzibwe ili maji yapande, na Januari 1940 ikaruka. Kisa hiki nilimwomba akirudie.

Rubani Beryl Markham, aliyelelewa Njoro, karibu na Nakuru, na kuvuka Atlantiki kwa ndege peke yake mwaka 1936 kutoka Uingereza hadi Nova Scotia, alipewa sentensi mbili tu, jambo ambalo sisi wa Nakuru hatuwezi kulinyamazia. Picha hazikuwepo hata moja, na injini ya mashua ilimeza maneno mengi. Jaketi za kuokoa maisha zilitosha. Anayekwenda aafikiane bei kabla ya kupanda, achague asubuhi kabla upepo haujachafua ziwa, na aombe injini izimwe masimulizi yanapoanza.