Kozi ya Kiitaliano ya WhatsApp, somo la familia: nyota 3 kwa 5

Hii kozi nimeilipia 1,500, unatumiwa voisi noti 30 na PDF ya kurasa chache. Niko Watamu, pwani ya Kenya, nafanya usafi kwa nyumba ya signora (bibi) mmoja mzee wa Kiitaliano, na huku ukikosa Kiitaliano utabaki na ciao tu kama watoto wa ufuoni. Jina la wenye kozi nawasitiri.

Sauti ziko poa. Mwalimu haendi mbio na vokali zao ni zetu zile zile, nonno (babu), nonna (nyanya), zio, zia (shangazi) zinaingia bila jasho, cugino (binamu) soma kujino. Ulimi unagoma kwa figlio (mwana) na moglie (mke), hiyo gli nimeirudia mpaka paka akatoka nje. Na papà (baba) nguvu iweke mwisho, ukiiweka mwanzo ushamtaja Papa wa Roma, na sisi wa pwani tushawaza papa wa nazi.

Sasa PDF. Wameandika nipote ni mpwa, basi. Signora kila siku mio nipote, mio nipote (nipote wangu), nikajua ni mtoto wa dadake, kumbe mjukuu! Neno ni hilo hilo, mjukuu na mtoto wa ndugu, wa kiume il nipote wa kike la nipote, usikilize stori ndo ujue. Zio wameandika mjomba, na amu je? baba mdogo je? Wote zio. Ila kwa wakwe wametupiku, sisi tunasema mkwe tu, wao baba mkwe suocero, mama mkwe suocera, mume wa bintiyo genero, mke wa mwanao nuora.

Kilichoniuma ni parenti, haimo kabisa. Mimi na Kizungu changu cha shule nikajua ndo wazazi, nikamwambia signora domani vengono i miei parenti, yaani kesho wanakuja parenti wangu, akashika kichwa, quanti (wangapi)?? Ashaona ukoo mzima unamiminika getini kwake. Parenti ni jamaa jamani, wazazi ni genitori, au sema i miei tu wanaelewa.

Halafu il na la, vile vineno vya kutangulia jina, wamezipita mbio. Ndugu akiwa mmoja huweki kitu, mio padre (baba yangu), mia sorella (dada yangu). Wakiwa wengi lazima, i miei fratelli (kaka zangu). Ukimdekeza, la mia sorellina, inarudi tena. Na loro (yao) ndo haiachi kamwe, il loro padre (baba yao). Yote haya nimefunzwa na signora mwenyewe tukimenya vitunguu, bure, sasa ile 1,500 ilikuwa ya nini?

Kama unaanza kabisa chukua kwa ajili ya sauti, hiyo PDF usiifungue. Niliwaandikia warekebishe nipote, tiki za bluu zimetokea siku ile ile, wiki ya pili hii, kimya.