Huduma ya fundi wa kuja nyumbani Mwanza: kamshafti ya IST imebadilishwa hapa hapa uani

Wakuu, kama uko Mwanza na gari yako inagonga kwa juu, usikubali haraka haraka kuambiwa ununue injini nzima. Yangu ni Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1500 ambayo ipo pia kwenye Probox na Raum, ikiwa sailensa, yaani imewaka tu bila kukanyaga mafuta, inapiga tak tak tak kama cherehani, ukipandisha mlima inamisi na haina nguvu kabisa. Gereji ya kwanza niliyoenda hawakufungua hata tapeti kava, ile kava ya juu ya injini, wamesikiliza tu wakasema injini imekwisha, lete hela tukutafutie ya mtumba. Ndio jamaa yangu wa Buzuruga akaniunganisha na huyu fundi anayekuja mpaka kwako, mimi niko Luchelele, akaja na sanduku lake.

Alichonifurahisha ni kwamba anapima. Kava ilipotoka alichukua fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, akapita valvu moja moja injini ikiwa ya baridi, akaniambia bosi, nafasi ya valvu za intek, za kuingiza hewa, inatakiwa iwe kati ya 0.15 na 0.25 mm, za ekzosi, za kutoa moshi, 0.25 mpaka 0.35, njoo uone hapa. Silinda ya tatu upande wa ekzosi geji nene inaingia bila kugusa popote! Kamshafti ni ile shafti ya juu ya injini yenye vinundu vya kusukuma valvu zifunguke, na kinundu cha hapo kimelika, ukipitisha ukucha unasikia kingo. Akasema kamshafti hailiki bure, ni oili haifiki, akashusha sampo ya chini, lile bakuli la oili, na kweli kile kichujio cha pampu ya oili kimezibwa na uchafu mweusi mzito, urithi wa mwenye gari wa kwanza. Hebu fikiria angeweka kamshafti nyingine bila kusafisha pale, si ingelika tena ile ile.

Kamshafti tulienda kuichukua kwenye spea za mtumba, ya ekzosi peke yake, haikufika laki. Muuzaji akataka kutupa na kepu zake, vile vibano vinavyoishikilia kamshafti, fundi akakataa, kepu zinachongwa pamoja na hedi yake, yaani kichwa cha injini, kwahiyo za hedi nyingine hazifai, zinaweza kubana shafti mpaka ikanoki, yaani ikakwama. Tapeti, vile vikombe vya chuma vinavyokaa kati ya kamshafti na valvu, alizitoa akazipanga kwenye trei ya mayai na namba juu ya kila shimo, kila moja ikarudi kwake, na cheni inayozungusha kamshafti kabla ya kuilegeza aliifunga waya kwenye gia ili isidumbukie chini, maana ikidumbukia ni kazi mpya ya kufungua kava ya mbele.

Jambo lingine ambalo gereji nyingi hawajali. Jioni ikaingia kazi ikiwa nusu, nikamwambia fundi niwashe taa tumalize, akagoma. Mnaokaa huku ziwani mnajua vile vijidudu vinavyokuja wingu zima usiku, ukiwasha taa vinajaa, na hedi iko wazi na matundu ya oili yako wazi. Akaomba shuka safi, akafunika injini yote, akafunga boneti akaondoka. Asubuhi kabla ya kugusa kitu akapuliza kwanza. Mimi hapo ndio nikamwamini.

Kufunga kepu alitumia toki renchi, spana inayopima nguvu ya kubana, Nm 13 kwa hizi ndogo na 23 ile ya mbele, anaanzia katikati anaenda nje kidogo kidogo kwa awamu. Nimeona mafundi wanabana kwa nguvu ya mkono tu na uzi wa hedi ya alminiamu ukivulika umeumia. Halafu akazungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili, akahakikisha alama za taimingi, za kupatanisha valvu na pistoni, zimerudi zote mahali pake, hii injini taimingi ikikosewa pistoni zinapiga valvu. Kabla ya kuwasha akachomoa soketi za koili za plagi na za nozeli za mafuta ili isiwake, akapiga stata kidogo oili ipande kwanza. Ilipowaka, kimya. Siku hizi napanda mlima gari inavuta bila kumisi.

Ufundi laki na nusu, oili nilinunua mwenyewe 5W-30, inameza lita 3.7 ukiweka na filta mpya. Kwangu bei ni halali.

Mapungufu yapo. Anachelewa, akisema saa mbili andaa saa nne, na simu hapokei akiwa kazini. Risiti hatoi, nililazimika kumwandikisha kwenye karatasi alichofanya na tarehe. Nauli unalipa wewe. Na anataka sehemu tambarare, nyie wa kwenye miamba kule Mabatini na Igogo tafuteni uwanja wa jirani kabla hamjamwita.

Kwa vile kamshafti ni ya mtumba, nafasi ya valvu mbili za ekzosi imekaa 0.34 mm, ziko ndani ya kipimo ila kwa tabu, na kwenye hii injini hakuna kishimu, kile kibati cha kupunguza nafasi, cha kuongeza, inabidi ubadilishe tapeti yenyewe kwa nyingine nene kidogo, unene unasoma kwenye namba iliyogongwa kwa ndani. Maduka niliyopita mjini yanataka uchukue seti nzima iliyotoka kwenye hedi nyingine. Mwenye kujua duka linalouza moja moja kwa namba, Igoma au hata Nyakato, naomba anielekeze.