Bamba la alumini chini ya injini ya Himalayan: uzoefu wangu na kazi ya fundi wa Kariobangi

Wasee wa nduthi za safari, kuna watu wananiuliza kila mara kama hili bamba niliweka chini ya injini lina kazi ama ni urembo tu. Lina kazi, na kubwa, lakini unene wake sio ndio umenibamba, ni mahali limefungwa.

Naendesha Royal Enfield Himalayan, ile pikipiki ya injini ya cc 411. Inakuja na kibamba chake chini na kwa murram ya kawaida, hizi barabara za kwenda ushago, kinatosha kabisa. Mambo yanabadilika ukiingia kwa mawe. Tumbo la pikipiki liko 220mm kutoka chini na ukiangalia ikiwa imesimama unaona hiyo nafasi ni mob, sasa kumbuka shoki za mbele zina mwendo wa 200mm, kwa hivyo ukidondoka kwa shimo na mzigo umefunga nyuma, shoki zizame zote, ile nafasi karibu imeisha na jiwe linakutana na injini. Na kesi ya injini ni alumini iliyomiminwa kwa moldi, hiyo haikunjiki, inapasuka. Oili inakaa hapo chini kabisa, ikimwagika presha inapotea na ukilazimisha kuendelea dakika chache tu beringi zinaungua, hapo sasa unaongea bei ya injini.

Mabamba yanauzwa mengi, yanang'aa, lakini pindua uangalie vishikio vyake. Mengine yanashikwa na bolti za injini yenyewe, na hiyo mimi siikubali hata kidogo, kwa sababu jiwe likigonga ile nguvu yote inapitia kwa bolti hadi kwa kesi, si ndio kitu ulikuwa unataka kulinda? Langu linashikwa na fremu pekee, mbele sehemu mbili na nyuma mbili, na kila sehemu ina mpira katikati. Kati ya bamba na injini kuna nafasi ya kupitisha vidole viwili, hiyo nafasi nilimwambia fundi asiniibie hata kidogo, maana bamba likibonyea lazima libonyee kwa hewa.

Fundi yuko Kariobangi Light Industries. Alitaka kutumia chuma cha 3mm, ni rahisi kupata na kuchomelea, lakini tukapiga hesabu tukaona kingefika karibu kilo sita na alumini ya 4mm ni kama kilo tatu hivi. Kuchomelea alumini inahitaji mashine ya gesi ya agoni na sio kila mtu ako nayo, kwa hivyo tukakubaliana akunje kipande kimoja bila kuunganisha mahali popote chini, na nikafurahia hivyo sana juu mshono ndio huwa unafunguka kwanza. Alitoa kipande cha ile alumini ya vinundu wanaweka sakafu ya malori. Vinundu tukavielekeza juu, upande laini ukaangalia chini, ndio jiwe liteleze lisipate mahali pa kushika. Vichwa vya bolti navyo vimezama ndani ya bamba, vikichomoza vitasagwa na mawe hadi siku unataka kufungua spana haina cha kushika.

Mtihani wa kweli ulikuwa Suswa, ukipanda kutoka barabara ya Narok, kuna mahali mawe ya volkano yamekaa kama ngazi. Gurudumu la mbele lilipanda likavuka, halafu pikipiki yote ikakalia jiwe kwa tumbo, ngo! Hiyo sauti unaisikia hadi kwa mbavu. Nilizima nikalala chini na tochi. Mkwaruzo mmoja mpana, unaanzia pale mdomo wa mbele umekunjwa kwenda juu, mwanzoni umechimba hadi ukucha unakwama, halafu unafifia ukirudi nyuma. Bamba limeingia ndani kidogo, vidole viwili sasa ni kimoja, lakini injini haijaguswa na hakuna tone la oili. Niliwasha nikaendelea kupanda. Sitasahau hiyo raha.

Sasa mabaya yake. Kelele imeongezeka, bamba linarudisha sauti ya injini juu na kwa lami ya Thika Road unaisikia vizuri. Matope ndio mbaya zaidi, ule udongo mweusi wa Kajiado ukinyesha unajaa juu ya bamba unakauka huko na injini inapoozwa na hewa na oili, haitaki blanketi, kwa hivyo lazima uoshe kwa presha kutoka pande zote. Ukitoka Ziwa Magadi pia usilale na vumbi lake, ile magadi inakula alumini, ukirudi nyumbani osha kabla hujaoga wewe mwenyewe. Barabara yenye mawimbi inalegeza bolti, weka gundi ya nati na ubebe spana yake kila safari.

Kitu kimoja nimerudi kumwambia fundi abadilishe: tundu la kutolea oili lilikuwa dogo, soketi inaingia lakini oili inamwagikia bamba na kusambaa. Amelipanua na kulainisha kingo, hakunilipisha. Kazi yote nililipa chini ya nusu ya bei niliyotajiwa ya kuagiza kutoka nje. Ukienda peleka pikipiki yenyewe, usipeleke picha, na ukae hapo akipima, ibebeshe pikipiki mzigo wako wa safari kabisa ndio aone shoki zinazama hadi wapi.