Mizani ya umeme ya kupimia baruti: yaliyonikuta, na maneno niliyoambiwa dukani

Nilishajisemea hili sitaliandika, maana nikiandika na hasira nafoka, lakini juzi hapa shemeji kanikumbusha tena maneno ya yule kijana wa dukani na damu ikachemka upya, basi wacha niandike tu, labda kuna mtu anataka kuanza kujaza risasi mwenyewe na yuko njiani kwenda kununua mizani kama niliyonunua mimi. Usinunue. Au subiri kwanza, soma mpaka mwisho ndo uamue.

Niko Ohio. Huku ukitaka kuwinda kulungu kwa raifo, jimbo linaruhusu zile risasi za ganda lililonyooka tu, zile zenye shingo hapana, ndo maana wengi tunashika .45-70. Hiyo ni risasi ya tangu 1873, ilikuwa ya jeshi la Marekani, nene kama kidole, na bei ya boksi moja la 20 inakatisha tamaa. Ndo watu wanaamua kureloadi. Ganda la shaba halifi kwa mlio mmoja, unalisafisha, unalipitisha kwenye presi, ile mashine ya mkono ya kulirudisha umbo lake, unaweka fataki mpya, unapima baruti unamimina, unakaza kichwa juu yake basi. Hizo hatua nyingine zote ukikosea kidogo utaona kwa macho au presi itakugomea. Baruti haikugomei. Ukizidisha inaingia vizuri tu, inakusubiri siku utakayoweka shavu kwenye kitako cha bunduki.

Na hii .45-70 ndo mbaya zaidi, kwa sababu ukifungua vitabu vya vipimo utakuta wameigawa mafungu matatu: kuna vipimo vya bunduki dhaifu za mtindo ule wa 1873, kuna vya bunduki za kisasa za leva, zile za kukokwa kwa mkono wa chini ya kifyatulio, na kuna vya zile ngumu kabisa kama Ruger No. 1. Kipimo cha fungu la tatu ukikitia kwenye bunduki ya fungu la kwanza unaipasua. Sasa mtu akikwambia greni moja huku au kule si kitu, huyo mkimbie.

Greni ndo kipimo chao huku. Ratili moja ina greni 7000, gramu moja ina greni 15 na nusu hivi. Nasema hivyo kwa sababu nimeshaulizwa mara nyingi na wenzangu, kaka si utumie tu mizani ya jikoni? Mizani ya jikoni inahesabu gramu moja moja, yaani inaruka greni 15 kwa mpigo, hiyo si kupima ni kubahatisha. Hata ile ya masonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu inakupa hatua ya greni 0.15, afadhali, ila bado wanaoijua kazi wanataka 0.1 na wanataka isimame palepale.

Sasa mizani yenyewe. Kampuni siitaji, sitaki kesi, ila ni ile midogo ya umeme wanayoiweka mbele kabisa ya kaunta na kukwambia hii ndo ya wanaoanza. Unaweka kisahani, unabonyeza sifuri, unamwaga baruti mpaka ukaribie kipimo, halafu unachukua kile kimrija cha kudondoshea unakizungusha taratibu, chembe moja, ya pili, ya tatu. Namba haisogei. Unadondosha tena. Haisogei. Unaona kwa macho yako chembe zinatua kwenye kisahani na mizani imekaa kimya kama haijaona kitu. Unainua kisahani, unakirudisha, hapo ndo inaruka, imepita nusu greni juu ya ulichotaka! Yaani kumbe uzito ulikuwa unaongezeka muda wote na yenyewe inakudanganya.

Nilikuja kuelewa ni programu ya ndani. Imewekewa kwamba badiliko dogo la polepole siyo uzito, ni kuyumba kwa chombo chenyewe, basi inalifuta inarudi kwenye namba ileile. Kwa mtu anayepima barua za posta hiyo ni sawa, haimdhuru. Lakini huyu mnamuuzia chombo cha kudondosha baruti chembe kwa chembe! Kudondosha polepole ndo kazi yenyewe! Mnamuuzia mtu mizani isiyoona kile kitu pekee alichoinunulia, na kwenye boksi mmeandika ya kujazia risasi kwa herufi kubwa.

Hilo moja. La pili ni kuhama. Nina vijiwe vya mizani, mtu yeyote anayeanza anunue hivyo kabla hata ya presi, nasema kwa dhati. Cha gramu 20 kinatakiwa kisome greni 308.6. Kikasoma 308.6, nikafurahi. Nimekaa nafanya kazi, nakirudisha kijiwe kilekile, 309.4. Mizani imepata joto dakika zote walizosema, feni nimezima, simu nimeiacha ndani, ile taa ya mrija ya gereji nayo nimezima nafanyia kazi kwa taa ya kawaida, meza haitikisiki. Mimi kazini nashinda na mizani, napima viungo kwenye kiwanda cha vyakula, najua mizani inayosumbuliwa na upepo inavyofanya na najua mizani mbovu inavyofanya. Hii ni mbovu.

Nikairudisha dukani. Nikabeba na vijiwe vyangu na shemeji akanisindikiza. Kijana wa kaunta akanitazama, akatazama boksi, hata salamu hakuitikia, akaniuliza, "Maelekezo ulisoma, au unahitaji mtu akusomee?"

Jamani. Mimi. Nikameza. Nikamwambia nimesoma, tena weka hicho kijiwe hapo uone mwenyewe. Akaweka. Ikasoma 308.6. Akanitazama kama vile, unaona? Nikamwambia usikitoe, kiache. Tukasimama hapo. 308.8. Ikatulia. 309.1. Shemeji akanyoosha kidole akamwonyesha. Huyu kijana akainua mkono akakitoa kijiwe, akasema ni simu yangu inavuruga. Simu yangu iko kwenye gari. Ya shemeji ipo kwenye gari. Simu pekee pale kaunta ilikuwa ya kwake, ipo pembeni ya mizani, na hakuisogeza. Kisha akasema, neno kwa neno, "Huu mchezo labda si wako, nunua za boksi kama wenzako." Wenzangu akina nani? Nilimuuliza hilo swali na hakunijibu, akageukia mteja mwingine nyuma yangu akamchangamkia huyo kama ndugu yake.

Shemeji akanishika mkono, "Shem tuondoke, hili ni duka la bunduki, sauti ikipanda hapa ni sisi tutakaoitiwa polisi." Alisema kweli na ndo kilichoniuma zaidi, kwamba nina haki na risiti mkononi na bado mimi ndo natakiwa nishushe sauti. Hela hawakurudisha, eti boksi lilishafunguliwa. Mizani utaijuaje mbovu bila kufungua boksi!

Sasa niseme ukweli wa upande wa pili, nisije nikaonekana nachukia vitu vya umeme. Yupo rafiki yangu ana ile mashine ya umeme inayomwaga na kupima yenyewe, ChargeMaster ya kampuni ya RCBS, namwona anavyofanya kazi nayo, anaihakiki kwa kijiwe kila anapoanza na inampa anachotaka. Kwa hiyo siwezi kusema za umeme zote takataka. Nasema hii ndogo ya mbele ya kaunta wanayowasukumia wanaoanza, hiyo ndo nasema.

Kilichoniokoa ni mzee mmoja jirani, mstaafu, kajaza risasi maisha yake yote. Aliponisikia akaniuzia mizani yake ya zamani ya mkono, RCBS ya rangi ya kijani, zile zilizokuwa zinatengenezwa na Ohaus, kampuni ya mizani. Haina betri, haina kioo cha namba, ni mkono mmoja uliokaa juu ya makali mawili, na sumaku pembeni za kuutuliza usicheze muda mrefu. Dondosha chembe moja uangalie ncha ya ule mkono: inainuka. Kidogo sana lakini inainuka, unaiona, hakuna programu katikati inayoamua kwamba chembe yako haihesabiki. Mara ya kwanza nimeona ile ncha inapanda kwa chembe moja ya baruti nilicheka peke yangu gerejini. Ni ya polepole, nakubali, na hewa ya mashine ya AC inaisumbua mpaka uigeuzie mgongo, ila ikisema kitu ni kweli, na kijiwe cha gramu 20 nikikirudisha saa yoyote inaniambia lilelile.

Kwa anayeanza basi ningesema mizani ya mkono kwanza, na baadaye lile pipa dogo la kuzungusha mkono linalomwaga kwa ujazo, Lyman wanatengeneza, RCBS wanatengeneza, Lee pia. Pipa linaongeza kasi lakini kumbuka linapima ujazo halipimi uzito, na baruti hazifanani. Ya vidonge vya duara inateleza kama mtama, kila mzunguko unatoa kiasi kilekile. Ya vijiti inakwama, utasikia krak mkononi, hapo makali ya pipa yamekata vijiti na kipimo hicho usikiamini, kirudishe juu. Ya .45-70 mara nyingi ni vijiti, ndo maana mimi namwaga pungufu kwa pipa halafu namalizia kwenye mizani. Anayetaka kuanza na hela ndogo kuna seti ya Lee ya vijiko 15 vya plastiki, kila kimoja na ujazo wake, watu wanavidharau ila kwa mizani pembeni vinafanya kazi. Na ukimaliza usiache baruti ndani ya pipa, rudisha kwenye kopo lake, kesho utasahau ni ipi.

Risasi za bastola ndo muwe makini zaidi, baruti yake ni ya haraka na inayotakiwa ni kidogo, ganda linabaki wazi sehemu kubwa, ukimwaga mara mbili inaingia na haimwagiki. Panga maganda yote kwenye kibao cha matundu, washa tochi, chungulia moja baada ya jingine kabla hujafunga hata moja. Hili halihitaji mizani wala hela.

Na wanaosoma wakiwa nyumbani, Bongo au Kenya, haya ni ya huku, huko sheria ya silaha haina mchezo, kutengeneza risasi bila kibali ni jela.

Kampuni yenyewe nayo niseme. Niliwapigia, nikapokelewa na dada mmoja mstaarabu sana, alinisikiliza mpaka mwisho, hakuniuliza kama najua kusoma, akanitumia mizani nyingine bila kunidai hata ya posta. Hiyo mpya haihami, kijiwe kinakaa. Hapo nikataka kabisa kubadilisha niliyoandika juu, nikasema basi hii ni nzuri, niliangukiwa na mbovu tu. Halafu nikachukua kimrija nikaanza kudondosha. Chembe moja, ya pili, ya tatu. Kimya. Inua kisahani, rudisha, imeruka. Ileile! Kwa hiyo siyo moja mbovu, wameitengeneza hivyo, wanajua, na wanaendelea kuiweka mbele ya mtu asiyejua bado kwamba anatakiwa ainue kisahani kila mara ahakikishe.

Nilikuwa nimeandika nyota mbili hapa. Nimefuta, naweka moja, na hiyo moja ni ya yule dada wa kwenye simu, si ya mizani. Duka sitoi kitu. Baruti na fataki siku hizi nanunua mji wa pili, naendesha mbali zaidi na ninaendesha kwa raha.