Kizimba cha Dawa za Asili Sokoni Mwanjelwa: Ubani Safi, Maelezo Pungufu

Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa Kiswahili na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikusanya maneno ya uganga, Jumamosi iliyopita nilikwenda katika kizimba kimoja cha dawa za asili katika soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, ambacho kibao chake kinatangaza kuwa kila kilichomo ni "asili tupu ya mababu zetu". Nilinunua ubani wa shilingi 3,000, nikaomba kuonyeshwa hirizi, kisha nikakaa zaidi ya saa moja nikimsikiliza mzee mwenye kizimba akimwombea mteja aliyekuwa na kesi ya shamba.

Ubani ni mzuri kweli. Punje zake ni kubwa, hazikuchanganywa na utomvu mwingine, na harufu yake ilibaki sebuleni kwangu hadi siku ya pili. Lakini mti wake hauoti katika nyanda hizi: ubani hutoka Oman, Yemen na Somalia, na jina lake tumelipata kwa Waarabu pamoja na hirizi, ramli na talasimu (maandishi au michoro ya kinga), na hilo la mwisho Waarabu wenyewe walilichukua kwa Wagiriki.

Hirizi ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Ndani ya kijingozi mlikuwa na karatasi yenye mraba wa vyumba tisa, juu 4, 9, 2, katikati 3, 5, 7 na chini 8, 1, 6, ambao ukijumlisha safu yoyote, iwe ya wima, ya mlalo au ya mshazari, unapata 15. Mzee alisema, "Mwalimu, hii ni hesabu ya babu." Mraba huo Wachina waliujua tangu kale kwa jina la Lo Shu, na maandishi ya Kiarabu yanayohusishwa na Jabir ibn Hayyan, mwanakemia wa kale, yanautaja kuwa msaada kwa mwanamke mwenye uchungu mgumu wa uzazi. Tarakimu za pembe zake, 2, 4, 6 na 8, zikigeuzwa kuwa herufi kwa hesabu ya abjadi, ambayo kila herufi ya Kiarabu ina thamani ya namba, hutoa neno "buduhu". Neno hilo lilikuwa limeandikwa chini ya mraba, na mzee akalisoma kama jina la jini. Nilimkumbuka Serenus Sammonicus, mwandishi wa mambo ya tiba wa Roma ya kale, aliyeagiza neno "abrakadabra" liandikwe mara nyingi, kila mstari ukipungua herufi, kisha livaliwe shingoni dhidi ya homa.

Maombi yenyewe yalianza kwa bismillahi, yakaingia Zaburi ya 35, "Ee Bwana, utete nao wanaoteta nami", kisha mzee akajaza maji kinywani na kuyapuliza chini huku akiwaita wazee waliotangulia. Kitendo hicho cha mwisho ni cha hapa hapa, kwani kwa Wanyakyusa kupuliza maji kulikuwa sehemu ya sala kwa mababu, kabla wamishenari wa Moravian hawajafika Rungwe mwaka 1891. Nilisikiliza kwa heshima, na nakiri kuwa sauti yake ilinigusa.

Kasoro ninayoiona ni kile kibao. Mteja anauziwa mraba uliopita mikononi mwa mataifa mengi akiambiwa ni wa ukoo mmoja, na hivyo ananyimwa habari ambayo ingempa sababu zaidi ya kuutazama kwa makini. Nilipomweleza hayo, mzee hakukasirika. Aliniomba nimwandikie maana ya "buduhu" katika daftari lake, nikamwandikia.

Kwa ubani na udi ninakipendekeza kizimba hiki bila kusita. Hirizi sikuinunua, na mwenye homa asiifuate huko, aende hospitali. Anayetaka tiba ya mitishamba aulize kwanza usajili unaotakiwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, maana cheti sikukiona ukutani. Afike asubuhi, kwani mchana mzee huwa na wateja wengi na hapati nafasi ya kueleza.