Miaka mitatu ya Informatique de Gestion hapa Bukavu: uzoefu wangu

Kila mwaka matokeo ya dipulome, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka, wadogo zangu wa mtaani hunifuata na swali lile lile: dada, niingie Informatique de Gestion, lile tawi la kompyuta na usimamizi? Mimi niliisoma miaka mitatu ya graduat, ngazi ya kwanza ya chuo wakati ule, hapa Bukavu, nikatetea kazi yangu ya mwisho, na leo ndiyo inayonilisha. Jibu langu ni ndiyo, ingieni. Ila kwanza mjue mnaenda kusoma nini, kwa sababu mimi sikujua.

Siku ya kujiandikisha yaya yangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, alinisindikiza. Tulipofika Nyawera, hapa mjini, akaniambia, "Ukimaliza huko, simu zote za nyumbani utatutengenezea wewe." Nami niliamini hivyo. Wiki ya kwanza ikaisha bila kugusa kompyuta. Tulisoma uhasibu, hesabu, takwimu, uchumi na sheria kidogo. Wenzetu kadhaa waliondoka kabla ya Krismasi wakisema wamedanganywa. Hawakudanganywa; hakuna aliyewaeleza. Katika jina la tawi hili, uzito uko kwenye neno gestion, yaani usimamizi. Anayetaka kufungua simu au kupandisha antena za intaneti atafute tawi jingine. Sisi tunafundishwa kuingia dukani, hospitalini au kwenye ghala, kufuata karatasi zinavyotoka mkono huu kwenda mkono ule, na ndipo tuandike programu inayofanya kazi hiyo bila kupoteza kitu.

Uhasibu ndio uliowatesa wengi, nami nautetea kwa moyo wote. Tangu Kongo iingie OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, tunatumia mpango mmoja wa hesabu na nchi nyingine 16. Kundi la 3 ni stoku, la 5 ni fedha, la 6 gharama, la 7 mapato. Akaunti 57 ni kasha, yaani pesa taslimu, 601 ni ununuzi wa bidhaa, 701 ni mauzo yake. Tulizikariri hadi tukaziota. Miaka miwili baada ya kumaliza, mwenye duka mmoja aliniambia anataka kila anachouza kwa pesa taslimu kijiandike chenyewe kwenye 57 na 701. Nilimwelewa kabla hajamaliza sentensi, nikapata kazi.

Lakini moyo wa masomo haya ni Merise, ile njia ya kuchora mfumo iliyozaliwa Ufaransa katika miaka ya 1970. Wako wanaosema imezeeka. Kwangu mimi ndilo somo lililolipa minervali, yaani ada ya masomo, yote. Mwalimu wetu alichora visanduku viwili ubaoni, mteja na fakitire (ankara), akaunganisha kwa mstari, kisha akageuka na kuacha Kifaransa: "Mteja mmoja anaweza kuwa na fakitire ngapi?" Tukajibu: nyingi, au asiwe nayo hata moja. Akaandika 0,n. "Na fakitire moja ni ya wateja wangapi?" Mmoja tu. Akaandika 1,1. Ukishaweza kuuliza maswali hayo mawili kuhusu kila kitu kilichomo kwenye biashara ya mtu, majedwali ya kwenye kompyuta yanakuja karibu yenyewe.

Kuuliza kwenyewe nilijifunzia Kadutu, hapa hapa mjini. Kwa kazi ya mwisho nilichagua depo ndogo ya dawa, inayoshikwa na mama mmoja mtu mzima. Kila rafu ilikuwa na fishi, yaani kadi, ya katoni iliyofungwa kwa kamba: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, saini. Nilikaa naye wiki mbili nikinakili, nikarudi nyumbani nikachora. Kisanduku cha DAWA nilikijaza vizuri: namba ya utambulisho, jina, dozi, bei, tarehe ya kuisha. Nikampelekea mchoro nikiwa na furaha.

Alivaa miwani, akafuata mistari kwa ncha ya biki, akasimama kwenye tarehe. "Mtoto wangu, amoksisilini hii ninayo katoni mbili. Hii inaisha mwezi wa sita, ile mwakani. Hapa kwako nitaandika tarehe gani?"

Sikuwa na jibu. Akashusha katoni zote mbili, akanionesha kidole kwenye namba ya loti, yaani ya fungu la dawa zilizotengenezwa pamoja, iliyopigwa mhuri pembeni. Darasani tulikuwa tumesoma kanuni hiyo hiyo, kwamba kila habari ikae kwenye jedwali la kitu inachokihusu. Niliiandika kwenye mtihani na kupata alama nzuri, na bado nilikosea. Usiku ule nilichora upya. DAWA ikabaki na jina na dozi, LOTI ikapata kisanduku chake chenye namba, idadi na tarehe ya kuisha, na kila utoaji ukafungwa kwenye loti. Hapo programu iliweza kupanga loti kwa tarehe, inayotangulia kuisha itangulie kutoka. Mbele ya jury, walimu waliosikiliza utetezi wangu, swali la kwanza lilikuwa hilo hilo. Nilijibu kwa maneno ya yule mama.

Sasa kilichonichosha. Katika ukumbi wa mazoezi tulikuwa watano kwa kompyuta moja. Aliyefika kwanza ndiye aliyeshika kipanya, na mara nyingi wasichana tulisimama nyuma tukitazama mabega ya wenzetu. Umeme ukikatika, zoezi limekwisha. Mtihani wa Visual Basic, lugha ya kuandikia programu, tuliufanya kwenye karatasi: unaandika programu kwa biki, mwalimu anaisoma kwa macho, na alama moja ya kunukuu ukiisahau unapoteza pointi, ilhali kompyuta ingekuonesha kosa papo hapo. Silabusi, yaani vitini vya masomo, nazo ililazimu kuzinunua. Hayo nayasema kwa uchungu kwa sababu niliona wenye akili nyingi wakitoka na cheti bila kuwa wameandika programu moja ikafanya kazi.

Sisi wasichana wanne tulichanga pesa tukanunua laptopu moja ya mitumba. Betri yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo tuliitumia pale tu umeme ulipokuwepo, kwa zamu, mara nyingi saa nane za usiku. Access na MySQL, programu za kutunzia majedwali, nilizijulia humo, kwa vitabu tulivyopeana kwenye fulashi maana mega za intaneti zilitushinda bei.

Fulashi hiyo hiyo nusura initoe machozi. Kesho yake ndiyo siku ya kuweka kazi, nikaenda sekretaria, kibanda cha kuchapishia, kuchapa kazi, na fulashi ilipofunguka folda zangu zote zilikuwa zimegeuka vijishale vya njia ya mkato visivyofungua kitu. Virusi. Kijana wa pale hakushtuka. Alifungua lile dirisha jeusi, akaandika amri ya attrib na herufi chache, folda zikarudi. Hazikuwa zimefutika, zilikuwa zimefichwa tu. Miaka mitatu hakuna aliyetufundisha hilo. Tangu siku hiyo kila kazi yangu hukaa sehemu tatu.

Siku hizi graduat imeondoka. Kwa mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), ulioanza kutumika nchini mwaka wa masomo 2021-2022, ni licence, shahada ya kwanza, ya miaka mitatu yenye krediti 180. Majina yamebadilika, na kompyuta bado ni ile ile ya kugawana katika shule nyingi. Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla ya kulipa kipande cha kwanza cha minervali, omba uoneshwe ukumbi wa mazoezi na uhesabu kompyuta zinazowaka. Muulize aliye mwaka wa tatu kama mtihani wa programu unafanyika kwenye kompyuta au kwenye karatasi. Tafuta mapema wenzako wa kuchanga nao. Na depo, duka au kituo cha afya utakachofanyia kazi yako ya mwisho, anza kukitembelea mwaka wa pili, usingoje miezi miwili ya mwisho.

Programu ya mama wa Kadutu bado inafanya kazi. Fishi za katoni hajaziondoa kwa sababu umeme unakatika, nami sijamwomba aziondoe. Anaandika kote kuwili. Kila mwisho wa mwezi napita tunalinganisha. Mara ya mwisho tulikosa boksi mbili za parasetamoli, tukazikuta zimeangukia nyuma ya rafu.